Nafsi ya tatu na bunduki yake

Kimya kingi, najua. Zilikuwa wiki za testi, na mtu ukiwa na testi tatu ndani ya siku nne hata kula unasahau, sembuse kuandika. Sasa zimepita (matokeo ni stori nyingine, tuyaache huko huko), na leo nataka kulimaliza jambo ambalo limekuwa likipigiwa kelele kwenye korido yetu tangu semista ianze: gemu la risasi la nafsi ya tatu ni lipi hasa? Wapo wanaosema GTA ni mojawapo, wapo wanaosema hata siku moja. Wapo wanaosema Tomb Raider ndiyo mama yao wote. Na yupo mmoja, mtu wa sheria kama mnavyowajua, anayesema ni gemu lolote lenye bunduki ambalo unamwona stelingi kwa nje, kesi imefungwa.

Kesi haijafungwa bwana. Mimi nasoma historia, na kwa jicho la historia ukitaka kujua neno lina maana gani usikimbilie tafsiri ya kamusi. Nenda kwa watu waliokuwa na shida fulani ya kutatua, uone neno lilizaliwa wapi. Kwa hiyo twende taratibu. Ni ndefu kidogo, mwenye haraka arudi jioni.

Neno lenyewe limetoka kwenye sarufi. Nafsi ya kwanza ni mimi, ya pili ni wewe, ya tatu ni yeye. Kwenye gemu la nafsi ya kwanza, tuseme Doom la mwaka 1993, kioo ndiyo macho yako. Mwili wako huuoni, unaona mikono na bunduki tu. Kwenye gemu la nafsi ya tatu kamera inatoka kichwani, inarudi nyuma hatua mbili tatu, na huyo hapo mbele yako: yeye. Anakimbia yeye, anaruka yeye, anapigwa yeye.

Lakini hebu wasikilize watu wakicheza. Lara Croft akitumbukia shimoni, umewahi kumsikia mwenye pedi akisema "amekufa"? Anasema "nimekufa", tena kwa uchungu. Anayesema "amekufa" ni yule aliyekaa pembeni anasubiri zamu yake, na huyo anasema kwa furaha kabisa. Kumbe kamera iko nafsi ya tatu, ulimi uko nafsi ya kwanza. Hilo naomba mlikumbuke, maana huko mbele litatusumbua.

Tukianza na kigezo cha mwanasheria wetu, kwamba inatosha kumwona stelingi kwa nje, tutajikuta tumerudi mbali mno. Spacewar!, lililotengenezwa MIT kule Marekani mwaka 1962 na Steve Russell na wenzake kwenye kompyuta ya PDP-1, lina vyombo viwili vya angani vinavyorushiana makombora, na mnaviona vyote kwa nje. Space Invaders la Mjapani Tomohiro Nishikado, mwaka 1978, hivyo hivyo: mzinga wako uko chini ya kioo, unauona. Mbona hakuna mtu aliyeyaita hayo ya nafsi ya tatu? Kwa sababu kuona kwa nje ndiyo ilikuwa hali ya kawaida, na hali ya kawaida haina haja ya jina. Ni kama simu ya mezani. Zamani ilikuwa simu tu, basi. Ilipokuja ya mkononi ndipo ile ya zamani ikahitaji kutajiwa meza yake.

Simu ya mkononi ya stori yetu ni Wolfenstein 3D la mwaka 1992, halafu Doom mwaka mmoja baadaye, yote ya id Software. Hayakuwa ya kwanza kabisa kumweka mchezaji ndani ya macho ya mhusika, ila ndiyo yaliyoufanya mtindo huo utawale. Baada ya hapo, mtu akitengeneza gemu la risasi la pande tatu ilibidi aamue: jicho likae ndani ya kichwa au nje? Uamuzi ule ndio uliozaa jina.

Kuna gemu moja la kabla ya hapo ambalo linawachanganya watu wengi, nalo ni Space Harrier la Sega, mwaka 1985, kazi ya Yu Suzuki. Mtu anaruka angani na mzinga mkononi, unamwona mgongo, maadui wanakuja kutoka mbele. Ukimwonyesha mtu picha yake leo atakwambia bila kufikiri kwamba hilo ndilo. Lakini licheze dakika tano uone. Huendi popote kwa hiari yako. Dunia inakuja yenyewe kwa kasi yake, wewe kazi yako ni kumsogeza yule bwana juu, chini, kushoto, kulia. Risasi inakwenda mbele alipo. Huwezi kumpeleka pale halafu ukalenga kule, kwa sababu kusogea na kulenga ni kitu kimoja. Halafu kero yake kubwa, mwili wake unakuziba usione adui uliyemlenga! Hiyo kero iwekeni akiba, inarudi.

Sasa tuje 1996. Mwaka ule jamani. Quake la nafsi ya kwanza lilitoka, na mwaka huo huo yakatoka matatu ya kuona kwa nje yaliyojibu swali la kamera kila moja kwa njia yake.

Super Mario 64 la Nintendo halina bunduki, lakini bila hilo hatuelewani. Watu walikuwa hawajazoea habari ya kamera inayozunguka ndani ya gemu, kwa hiyo Nintendo wakaifanya kamera kuwa mhusika: Lakitu, yule kiumbe anayepanda wingu, anamfuata Mario akiwa ameshika kamera iliyoning'inia kwenye fimbo kama ya kuvulia samaki. Yaani walilazimika kukueleza wewe mchezaji umekaa wapi. Mpaka leo kila gemu la nafsi ya tatu lina Lakitu wake, ila hatumwoni tena.

Resident Evil la Capcom, chini ya Shinji Mikami, lilitoa jibu la sinema. Kamera zimegandishwa kwenye kona za jumba, picha za nyuma zimechorwa tayari, na ukipita mlango kamera inabadilika. Inatisha kweli kweli, maana unamsikia zombi anaburuta miguu lakini kamera imegoma kukuonyesha. Unainua bastola na kupiga kuelekea sauti. Hapo jicho halijali kabisa mtutu unaelekea wapi.

Halafu Tomb Raider, la Core Design ya mjini Derby, Uingereza, Lara Croft akiwa amebuniwa na Toby Gard. Hapa kamera inamfuata stelingi mgongoni, anakwenda utakako, anapanda, anaogelea. Wanaosema ndiyo mama yao wote wana hoja. Ila akitokea mbwa mwitu? Unabonyeza kutoa bastola mbili, unamgeuza Lara kumwelekea mnyama, na mikono ya Lara inamfuata mnyama yenyewe. Unaruka huku na kule, unashikilia kitufe, Lara anapiga. Anayelenga ni yeye. Nafsi ya tatu halisi kabisa!

Na hapa ndipo ninapoweka kigezo changu mezani. Kwenye gemu la nafsi ya kwanza, jicho na mtutu viko sehemu moja, au tunakubaliana kujifanya viko sehemu moja. Unachokitazama ndicho unachokipiga. Kwenye gemu la nafsi ya tatu jicho liko nyuma, juu ya bega la mtu, na mtutu uko mbele, chini kidogo, pembeni. Kuna nafasi kati yao. Gemu la risasi la nafsi ya tatu, kwa maoni yangu, ni lile ambalo nafasi hiyo ni kazi yako wewe: unatembeza mwili mmoja, unalenga kwa jicho lililo mahali pengine, na unatakiwa kuvipatanisha muda wote gemu linavyokwenda. Kama gemu linakupatanishia, kama Tomb Raider, ni ndugu lakini siyo lenyewe. Kama mtutu na mwili ni kitu kimoja, kama Space Harrier, ni babu.

Msidhani ni maneno ya darasani haya. Hiyo nafasi imewatesa mafundi kweli. Fikiria umemsimamisha stelingi wako nyuma ya nguzo. Jicho lako, kwa kuwa liko juu na pembeni, linamwona adui vizuri kabisa. Alama ya shabaha iko katikati ya kifua chake. Unapiga, risasi inagonga nguzo! Hukukosea kulenga, jicho lako lilikuwa na njia ambayo mtutu haukuwa nayo. Dawa inayotumika sana ni kwamba gemu linapima mara mbili: kwanza mstari kutoka kwenye kamera kwenda mbele hadi ugonge kitu, ili lijue unakusudia nini, halafu mstari wa pili kutoka kwenye mtutu kwenda kwenye kitu hicho, ili lijue risasi itafika au itazuiwa. Magemu mengine yanakuwekea alama nyekundu pale ambapo mtutu umezibwa. Kwenye nafsi ya kwanza taabu hii yote haipo.

Ndiyo maana kuna magemu yalianzia nje yakaishia ndani. Halo, Bungie walipolionyesha kwa watu kwenye mkutano wa Macworld mwaka 1999, Steve Jobs akiwa ndiye aliyewakaribisha jukwaani, lilikuwa la nafsi ya tatu. Lilipotoka Novemba 2001 kwenye Xbox likawa la nafsi ya kwanza. Lakini angalia: ukipanda gari, kamera inatoka nje. Kwa mguu uko ndani, kwa gari uko nje. Metroid Prime la mwaka 2002 nalo, pale Retro Studios ya Texas, lilianza kwa kumwona Samus mgongo, mpaka Shigeru Miyamoto wa Nintendo akataka libadilishwe liwe la nafsi ya kwanza. Magemu mawili makubwa yameuona mlango huu na yakageuka. Kwa hiyo anayeniambia kamera ni suala la kuchagua tu kama rangi ya shati, simwelewi.

Waliopita mlangoni ni akina nani? MDK la Shiny Entertainment mwaka 1997 lilipita nusu. Ukikimbia unamwona jamaa mgongo, ukitaka kulenga mbali anavaa kofia yake ya kudungulia na wewe unaingia machoni mwake. Kutoroka kwa akili hiyo! Aliyepita mzima mzima, kwangu mimi, ni Max Payne, mwaka 2001, la Remedy ya Ufini. Lilikuwa gemu la kompyuta kwanza, na kompyuta ina mausi. Mkono mmoja unatembeza mwili, mwingine unatembeza jicho, shabaha iko katikati ya kioo, mgongo wa Max uko pale pale mbele yako. Halafu wakaongeza ule uwezo wa kupunguza kasi ya muda, ambao watu waliozoea The Matrix ya 1999 na sinema za John Woo za Hong Kong waliuelewa siku hiyo hiyo. Watu wanasifia kuruka kwake kule taratibu kama urembo. Mimi naona ulikuwa jibu la shida yetu: muda ukipungua kasi unapata nafasi ya kupatanisha jicho na mtutu huku mwili uko hewani.

Kadokezo ka pembeni. Uso wa Max kwenye gemu lile ni uso wa Sam Lake, mwandishi mwenyewe wa hadithi, maana hela za kulipa waigizaji zilikuwa za kuungaunga. (Wanafunzi wenzangu mnaosubiri bumu mnamwelewa huyu mtu.) Na kuna sehemu Max amelishwa dawa, anaota njozi, na ndani ya njozi anaambiwa kwamba yumo ndani ya gemu la kompyuta. Stelingi anaambiwa kuna mtu nyuma yake! Gemu la nafsi ya kwanza haliwezi kufanya utani huo vizuri, kwa sababu nyuma yake hakuna mtu.

Sasa GTA. Mwaka huo huo wa 2001, DMA Design ya Edinburgh walitoa GTA III. Kwenye PlayStation 2 ukitaka kupiga mtu unabonyeza kitufe, gemu linamnasa, unafyatua. Kwa kigezo changu huyo ni mtoto wa Lara. Lakini hata tukiacha habari ya kunasa, mle ndani unaendesha gari, unapeleka mizigo, unasikiliza redio, unakimbizwa na polisi. Risasi ni moja ya kazi za mjini. GTA V la mwaka 2013 limekuja na kulenga kwa mkono na kujibanza ukutani, yaani ndani yake kuna gemu zima la risasi la nafsi ya tatu kama vile ndani yake kuna gofu na tenisi. Hatusemi GTA V ni gemu la tenisi. Na mwaka 2014 likaongezewa uwezo wa kuingiza kamera kichwani, ukitaka. Mji ni ule ule, bunduki zile zile, lakini jaribu kupigana na polisi kwa namna zote mbili uone kama ni gemu moja. Hukumu yangu: GTA ni nyumba, gemu letu ni chumba kimoja ndani yake. Mwenye rufaa alete.

Turudi kwenye nyama. Kujibanza. Mtu mwenye mwili anahitaji pa kuuficha, na historia ya jambo hili ni tamu. Namco walikuwa na Time Crisis mwaka 1995, lile la kusimama na bastola ya plastiki: ukikanyaga pedali unajitokeza, ukiiachia unajificha. Hilo ni la nafsi ya kwanza na linakwenda kwenye reli, ila wazo limo. WinBack la Koei kwenye Nintendo 64, mwaka 1999, likaliweka kwenye mwili unaouona: mtu anabandika mgongo ukutani, anachungulia, anapiga, anarudi. Halafu Namco wenyewe wakaja na kill.switch mwaka 2003, ambalo kujibanza ndiyo gemu lenyewe, pamoja na kule kutoa mkono juu ya ukuta na kumimina risasi bila kuangalia. Gemu hilo halikutikisa dunia. Lakini lilionwa na mtu sahihi.

Kati yao na huyo mtu yuko Resident Evil 4. Mikami tena! Januari 2005, kwenye GameCube, zile kamera za kwenye kona zikatupwa. Kamera ikaja kukaa nyuma ya bega la kulia la Leon, na Leon akasukumwa kushoto mwa kioo. Mnaikumbuka ile kero ya Space Harrier, mwili kuziba shabaha? Miaka 20 baadaye jibu ni hilo: msogeze pembeni. Na badala ya alama ya shabaha iliyobandikwa kwenye kioo, bunduki ya Leon ina mwali mwekundu unaotoka kwenye bunduki yenyewe na kutua kwenye kitu. Hapo hakuna uongo wa mistari miwili. Unachoona ni mtutu unasema uko wapi. Ila ukiinua bunduki Leon anasimama kama mti, hawezi hata hatua moja. Walikupa jicho na mtutu wakakunyima miguu. Wengine hulalamikia hilo mpaka kesho. Mimi naona ndiyo ilikuwa akili yenyewe, maana hofu inatoka pale pale, kwenye kusimama wakati watu wanakuja.

Huyo mtu sahihi ni Cliff Bleszinski wa Epic Games, na gemu ni Gears of War, Novemba 2006, Xbox 360. Bega la Resident Evil 4, ukuta wa kill.switch, na kitufe kimoja cha kukimbilia ukutani. Hakuficha alikotoa, na hilo namheshimu. Baada ya hapo ilikuwa kama mvua. Uncharted la Naughty Dog 2007, Dead Space 2008, na mengine mengi tu ambayo ukiingia chumbani ukakuta vikuta vya urefu wa kiuno vimepangwa kama viti vya harusi, unajua kabisa hapa patapigwa risasi. Dead Space nalisifia kwa jambo moja: kiasi cha uhai wa Isaac kimewekwa kama taa kwenye uti wa mgongo wa suti yake. Wanajua unatazama mgongo muda wote, basi wakaandika mgongoni.

Kujibanza kunaonyesha kigezo kilivyo. Kwenye nafsi ya kwanza ukijificha nyuma ya ukuta unaona nini? Ukuta. Kwenye nafsi ya tatu mwili uko nyuma ya ukuta na jicho liko juu yake, linachungulia bure. Mashine ikiwa ndiyo adui hailalamiki. Lakini adui akiwa mtu? PUBG lilianza kuuzwa Machi 2017, watu mia kwenye kisiwa, na kikawa kilio: mtu amelala nyuma ya jiwe, haonekani hata unywele, na anakuona wewe unavyokuja, kwa sababu kamera yake inaelea juu ya jiwe. Agosti mwaka huo huo wakafungua seva za nafsi ya kwanza peke yake. Yaani watengenezaji wenyewe walikubali kwamba kamera ni kama silaha, na wakawatenganisha wenye silaha hiyo na wasiokuwa nayo. Kama mnataka ushahidi kwamba nafsi ya tatu ni aina yake ya gemu na siyo dirisha tu la kuangalizia, sina ushahidi mkubwa kuliko huu. Wale mnaomaliza bando kwenye PUBG la simu na Free Fire mnalifanya kila usiku, mnazungusha kamera kwenye kona kabla ya kutoa mguu.

Nimebakiza mwili. Nilisema ulimi uko nafsi ya kwanza hata kama kamera iko ya tatu, unasema "nimekufa" huku unamwona aliyekufa ni mtu mwingine. Swali ni mtu gani, na anapiga nani.

Machi 2009 Capcom walitoa Resident Evil 5. Chris Redfield, Mmarekani, anafika mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, Afrika. Tangazo lake lilikuwa limeshaonyeshwa 2007, mzungu mwenye bunduki katikati ya watu weusi wanaomjia, na mwaka 2008 mwandishi wa Newsweek N'Gai Croal akasema wazi kwamba picha zile zina historia nyuma yake na waliozitengeneza ni kama hawakuiona. Watu wengi wakamjia juu: mbona Resident Evil 4 waliuawa Wahispania na hamkusema? Mjadala ule ulikuwa wa Wamarekani na Wajapani. Sisi hatukuulizwa. Na tulikuwa na la kusema, kwa sababu wale maadui wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Hebu lipime hilo kwa sikio lako. Majini, wingi wa jini, neno ambalo pwani nzima inalijua. Kijuju, kama Kihaya au Kichaga, jina ambalo kwa Kiswahili ni la lugha wala siyo la mji. Mwenzake Chris, Sheva Alomar, anatoka tawi la Afrika Magharibi la kikosi chao, na hapo hapo wenyeji wanaongea lugha yetu ya mashariki. Walitaka sauti ya Afrika, wakachukua iliyokuwa karibu. Hayo ya jiografia mimi nacheka tu. Kinachonigusa ni lile bega. Kamera imekaa nyuma ya bega la Chris, kwa hiyo "mimi" ni Chris. "Nimempiga." Na yule "-m-" katikati ya neno, aliyepigwa, anapiga kelele kwa maneno ambayo mama yangu anayatumia kunituma dukani. Mchezaji wa Osaka au Chicago anasikia kelele za kigeni, zimewekwa pale makusudi ili asielewe na aogope. Mchezaji wa Tanga au Bukavu anaelewa. Gemu lile halikuwaza kwamba upande wa kwenye pedi anaweza kukaa mtu anayeelewa. Kwa nafsi ya kwanza ungeweza kujidanganya kwamba mwenye bunduki ni wewe. Hapa unamwona siyo wewe, yuko palepale, bega lake linajaza robo ya kioo.

Sisemi msilicheze. Kulicheza na mtu wa pili, mmoja Chris mmoja Sheva, ni raha ambayo magemu machache yanakupa. Nasema tu kwamba hatukuwahi kuliandika sisi wenyewe kwa lugha ile ile inayopigiwa kelele mle ndani.

Na kuna gemu moja ambalo nadhani lilielewa huu mtego. Spec Ops: The Line, la Yager ya Berlin, mwaka 2012. Linatokea Dubai iliyofukiwa na mchanga, na mzizi wake ni hadithi ya Joseph Conrad ya mto Kongo, imehamishwa kutoka msituni kwenda jangwani. Kwa kucheza ni gemu la kawaida la bega na ukuta, hata la kuchosha kidogo. Lakini mtazame Kapteni Walker mgongoni. Anaanza msafi, sare imenyooka, anatoa amri kama askari aliyefunzwa. Kadiri unavyozidi kupiga, nguo zinachanika, ngozi inaungua, damu inakauka juu yake, na amri zake zinageuka matusi na mayowe. Hakuna anayekwambia chochote. Uko nyuma yake muda wote, unaona kile unachomfanya awe, na bado akianguka utasema "nimekufa".